Jiko la gesi lifuate nyumba, si nyumba ifuate jiko

Kuna mabadiliko makubwa yaliyoingia katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi bila parapanda wala hotuba ya mheshimiwa yeyote. Mabadiliko hayo yamo jikoni. Katika mtaa wetu wa Jericho, ambako kwa miaka mingi jioni ilitambulikana kwa moshi wa makaa na harufu ya mafuta ya taa, mtungi wa gesi umejipatia kikao cha kudumu katika nyumba nyingi. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba karibu asilimia 24 ya familia za Kenya zilipika hasa kwa gesi, ingawa kuni zilikuwa zingali zikishika nafasi ya kwanza kwa asilimia 55.

Hilo ni jambo la kushukuriwa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 ulimwenguni katika mwaka 2020 pekee. Aghalabu wanaoathirika ni akina mama na watoto, kwa kuwa ndio wanaokaa karibu na jiko kwa muda mrefu zaidi. Kwa hivyo sikukamata kalamu leo kuwatetea wauza makaa, wala kumrudisha yeyote kwenye stovu ya mafuta ya taa. Ninalouliza ni jambo jingine: je, tunapokwenda dukani kununua jiko la gesi, tunachagua kwa kipimo gani?

Nionavyo mimi, wengi wetu tunachagua kwa macho. Tunahesabu vichomeo, tunapapasa chuma kinachong'aa, kisha tunauliza kama jiko lina grili ya kuchomea nyama. Ni wachache wanaouliza jiko lenyewe liliundwa kwa gesi ya aina gani, linakula kiasi gani kwa saa, na litawekwa wapi nyumbani. Maoni yangu ni kwamba maswali haya matatu ndiyo yanayopaswa kutangulia. Mengine yote ni mapambo.

Tuanze na nyumba. Jericho ni mtaa uliojengwa na Baraza la Jiji katika miaka iliyokaribiana na uhuru wa 1963, pamoja na jirani zake kama Lumumba. Nyumba nyingi ni za chumba kimoja au viwili, na zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mapato ya chini ambao mtungi wa gesi haukuwamo katika hesabu zao. Leo, katika chumba hicho hicho, mtoto husomea, baba hulala, na mama hupikia. Jiko lolote linaloingia humo linaingia pia katika pumzi za wote waliomo.

Sasa tuangalie grili. Jirani yangu mmoja alipokea kutoka kwa mwanawe aliye Marekani grili ya gesi ya kupendeza, yenye kifuniko, magurudumu na vichomeo vitatu. Mtaa mzima ulikuja kuitazama. Ubavuni mwake palikuwa na kibandiko kidogo kilichoeleza kwamba iliundwa kwa gesi asilia. Maneno hayo mawili hayakumshughulisha mtu, maana kwa wengi wetu gesi ni gesi. Hapo ndipo penye hatari.

Gesi asilia, ambayo kwa sehemu kubwa ni methani, huchimbwa ardhini na kusafirishwa kwa mabomba hadi nyumbani. Hivyo ndivyo inavyotumika katika miji mingi ya Marekani na Uingereza. Hapa karibu, wenzetu wa Tanzania wamekuwa wakiitumia gesi ya Songo Songo jijini Dar es Salaam tangu mwaka 2004, hasa kwa kuzalisha umeme na kuendeshea viwanda, na baadhi ya nyumba za Dar es Salaam na Mtwara zimeunganishwa na mabomba hayo. Nairobi hatuna bomba la namna hiyo. Gesi yetu ni ya mtungi, yaani propani na butani zilizogandamizwa hadi zikawa majimaji.

Wanafunzi wa kemia wataniunga mkono nikisema kwamba gesi hizi hazifanani. Mita moja ya ujazo ya propani ikiungua hutoa joto linalozidi mara mbili lile la methani. Kwa sababu hiyo, jiko la gesi asilia huwa na vitundu vikubwa vya kupitishia gesi, ilhali la gesi ya mtungi huwa na vitundu vidogo. Kanieneo ya gesi inayohitajika pia ni tofauti. Ukiifunga gesi ya mtungi kwenye jiko la gesi asilia bila fundi mwenye ujuzi kubadilisha vitundu hivyo na kidhibiti cha kanieneo, gesi itafurika kupita hewa iliyopo ya kuiunguza. Mwali utakuwa mrefu na wa manjano badala ya kuwa mfupi na wa buluu, sufuria itapakwa masizi, na hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi itazalishwa. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Humlaza mtu usingizi asiamke.

Isitoshe, methani ni nyepesi kuliko hewa, hivyo ikivuja hupanda juu na kutafuta upenyo wa kutokea. Propani ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa, na butani takriban mara mbili. Zikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya chini ya kitanda na nyuma ya kabati, zikingoja cheche. Ndiyo sababu dirisha la juu pekee halitoshi, na mlango ulioachwa wazi wakati wa kupika ni kinga bora zaidi. Kuhusu grili yenye kifuniko, hiyo iliundwa kwa uwanja wa nje, hata ikiwa ni ya gesi ya mtungi. Kuiwasha chumbani ni kuwanyang'anya wenye chumba hewa yao.

Baada ya usalama, hesabu. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina nishati ya takriban kilowati-saa 12.8. Kichomeo cha kawaida cha nyumbani chenye nguvu ya kilowati 2.5 kinatumia kama gramu 200 kwa saa kikiwashwa kikamilifu. Mtungi wa kilo 6 basi utakihudumia kwa saa 30 hivi. Grili ya vichomeo vitatu yenye jumla ya kilowati 10 hula karibu gramu 800 kwa saa, na mtungi ule ule utakwisha kabla ya saa 8 kutimia. Tena, gesi ikivutwa kwa kasi kutoka katika mtungi mdogo, majimaji yaliyomo hupoa yanapogeuka kuwa mvuke, mtungi huingia baridi, na moto hufifia nyama ikiwa bado mbichi. Mwalimu anayengojea mshahara wa mwisho wa mwezi na afanye hesabu hiyo kabla ya kulipa.

Najua watakaoniambia kwamba maisha si hesabu tupu, na kwamba nyama choma ni sehemu ya utu wetu. Nakubali. Hata hivyo, utamu wa nyama choma hautoki katika chapa ya jiko. Hutoka katika ngozi ya nyama inayogeuka kahawia kwa joto kali, na katika mafuta yanayodondokea kitu cha moto kisha moshi wake ukairudia nyama. Mafundi wa Kamukunji wanaogonga mabati mchana kutwa wanaunda majiko ya makaa yanayofanya kazi hiyo vyema kwa gharama ndogo. Usiache mbachao kwa msala upitao. Siku ya sikukuu, toa jiko la makaa uwanjani, choma nyama yako hadharani, na ulibakishe huko huko nje hadi majivu yapoe. Makaa yanayowaka ndani ya nyumba hutoa ile ile sumu niliyoitaja.

Basi mtu wa Jericho achague nini kwa mapishi ya kila siku? Kwa anayeishi peke yake na kupika sufuria ndogo, mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake, ambao wengi huuita meko, unatosha. Kwa familia, meko ina kasoro: sufuria kubwa ya githeri au ugali wa watu sita juu ya mtungi mwembamba ni mzigo unaoweza kupinduka mtoto akiugusa tu. Familia ichague jiko la mezani la vichomeo viwili, lililoundwa kwa gesi ya mtungi, na mtungi usimame wima kando yake, kamwe usilazwe. Ikiwa ni lazima kupata grili, iwe ndogo, ya ndani ya jiko lililotengenezwa kwa matumizi ya nyumbani, na iwe na kifaa kinachokata gesi chenyewe moto unapozimika. Mpira wa gesi uwe mzima, usio na nyufa, na viungo vyake vipimwe kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti.

Mtungi wenyewe pia una elimu yake. Kanuni za serikali za mwaka 2009 ziliwataka wauzaji watumie valvu ya aina moja, jambo lililomrahisishia mnunuzi kubadilisha mtungi wa kampuni moja kwa wa nyingine. Kanuni za mwaka 2019 zikasisitiza kwamba mtungi usijazwe na mtu asiye na idhini ya mwenye chapa. Haya si makaratasi matupu. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi, moto uliozuka katika kituo cha gesi kisicho na leseni uliwaua watu kadhaa, ukawajeruhi zaidi ya 200 na kuteketeza makao na biashara za jirani. Mamlaka ya kudhibiti kawi ilieleza kwamba maombi ya kuanzisha kituo hicho yalikuwa yamekataliwa. Kila anayenunua mtungi uliojazwa kwa siri ili aokoe shilingi mia mbili anakilisha kituo kingine kama hicho. Wahenga walisema, rahisi ghali.

Mnunuzi ana silaha moja isiyogharimu chochote, nayo ni mizani. Uzito wa mtungi mtupu hupigwa muhuri kwenye chuma chake. Ikiwa umeandikwa kilo 7.2, mtungi wa kilo 6 uliojaa sharti uonyeshe kilo 13.2. Ikipungua, umepunjwa. Nimewahi kumwomba mwenye duka mmoja aupime mtungi mbele yangu, naye akanitazama kana kwamba nimemtukana. Nadhani tungekuwa wengi wenye kuomba, angezoea.

Lawama, hata hivyo, zisimwangukie mnunuzi peke yake. Serikali imekuwa ikicheza mchezo wa kupanda na kushuka. Gesi ilikuwa imeondolewa ushuru wa VAT tangu mwaka 2016, ikatozwa asilimia 16 kuanzia Julai 2021, ikapunguziwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, na ikaondolewa tena Julai 2023. Mtu asiye na akiba hawezi kupanga nishati ya nyumba yake juu ya mchanga unaohama namna hiyo. Akishindwa, anarudi kwenye makaa, na mapafu ya watoto wake ndiyo yanayolipa tofauti. Wapangao kuijenga upya mitaa yetu ya kale nao wakumbuke kwamba jiko bila upenyo wa hewa karibu na sakafu ni kasoro ya ramani, na wala si ya mpishi.

Walimu wenzangu, nawageukia ninyi mwishowe kwa sababu darasa ndilo penye tiba ya haraka. Tunafundisha uzito wa gesi kwa mifano ya chupa za maabara ambazo mwanafunzi hatazigusa tena, ilhali jioni hiyo hiyo mwanafunzi huyo ndiye anayewashwa jiko na mama aliyechelewa sokoni Gikomba. Kwa nini somo la propani lisianzie kwenye mtungi wa nyumbani kwao? Kwa nini hesabu ya kutoa na kujumlisha isifanywe kwa uzito uliopigwa muhuri kwenye chuma? Mwanafunzi aliyefundishwa hivyo hatatahiniwa na karatasi tu, bali ataweza kumwambia mzazi wake: mwali huu ni wa manjano, tuzime kwanza, tufungue mlango, tumwite fundi.

Nanyi wanafunzi, msingoje somo lifike. Leo jioni someni kibandiko kilicho ubavuni mwa jiko lenu, someni muhuri ulio kwenye mtungi, na mchunguze mpira kutoka mwanzo hadi mwisho. Kazi hiyo haizidi dakika tano, na pengine ndiyo kazi ya ziada yenye manufaa makubwa kuliko zote mtakazopewa muhula huu. Tahadhari kabla ya hatari.