Dawa ya kuongeza damu si peremende

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya tabia ya baadhi ya wazazi wa huku Kilwa na pwani ya Lindi ya kuwanywesha watoto dawa za vitamini na za kuongeza damu bila ya kupimwa.

Mtoto akionekana mnyonge na viganja vyake vimekuwa vyeupe, mzazi hukimbilia dukani kununua chupa ya dawa yenye madini ya chuma. Huamini kwamba dawa ya namna hiyo haina madhara, hata ikizidi ni faida. Fikra hiyo ni potofu.

Ndugu zetu wa Pemba wametuachia funzo. Huko ulifanyika utafiti wa watoto zaidi ya 24,000 wenye umri wa chini ya miaka mitatu, wakati malaria ilipokuwa nyingi kisiwani. Waliopewa chuma na vitamini ya foliki kila siku walikufa au kulazwa hospitali kwa asilimia 12 zaidi ya wenzao wasiopewa. Mwaka 2003 sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa, na matokeo yakatangazwa mwaka 2006. Lakini katika kundi dogo la watoto waliopimwa damu na kutibiwa malaria mapema, wale waliopungukiwa chuma kweli walinufaika.

Jambo hili linatuhusu, maana Lindi ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Aidha, damu ya watoto wetu huliwa na malaria yenyewe, safura na kichocho. Kumpa mtoto chuma bila kutibu maradhi hayo ni kujaza maji mtungi uliotoboka.

Sisemi watu waache dawa. Akina mama wajawazito waendelee kumeza vidonge vya damu wanavyopewa kliniki, na watoto wapelekwe kupata matone ya vitamini A. Hizo hutolewa kwa kipimo. Hatari ni kujiongezea nyingine za dukani, kwani vitamini A ikizidi huumiza ini, na humdhuru mtoto aliye tumboni.

Nawaomba viongozi wa vijiji na wahudumu wa afya walieleze jambo hili mikutanoni, na wenye maduka ya dawa wamwulize mzazi kwanza kama mtoto amepimwa. Nasi wazazi tuwapime watoto, tuwalaze ndani ya vyandarua, tuwavishe viatu, na tuwape dagaa, kunde na kisamvu.

Mzazi,
Kilwa Masoko.