Nyoosha Kwanza, Ndipo Uunge

Wamo vijana wetu wanaorusha ndege ndogo za mfano, zenye kiwiliwili cha faibaglasi, yaani kitambaa cha nyuzi za kioo kilichoshibishwa gundi ya epoksi. Mafundi wa boti hapa pwani waijua vyema kazi hii.

Ndege hizo zikianguka, aghalabu hupasuka nyuma ya mbawa, pale kiwiliwili kinapokuwa chembamba. Kijana hukimbilia gundi, na mzazi kwa huruma humwambia apake yaishe. Hapo ndipo penye hasara. Epoksi ikishakauka hairudi nyuma. Mkia ulioungwa umepinda, umepinda moja kwa moja. Ndege itavuta upande mmoja kila irukapo, nayo ni kitu chenye uzito na kasi. Ikielekea penye watu, si mchezo tena.

Basi tutangulize kipimo. Tuchukue uzi usionyumbuka, tupime kutoka ncha ya bawa la kulia hadi katikati ya mwisho wa mkia, kisha tufanye vivyo hivyo kushoto. Vipimo viwe sawa. Tusimame nyuma tutazame: bawa dogo la mkia lilingane na mbawa kubwa, na pezi lisimame wima. Vipande vishikizwe kwa utepe, kisha tupime tena kabla ya kugusa gundi.

Ndipo tupige msasa kando ya ufa, kwa ndani ikiwa mkono wafika, na tufute vumbi kwa spiriti. Tulaze kitambaa chembamba kilichoshibishwa epoksi, na juu yake kingine kipana kidogo, kisha tukamue gundi iliyozidi. Nguvu imo katika nyuzi. Gundi ya ziada ni mzigo mtupu. Na mzigo wa mkiani ni ghali: ikiwa mkia uko mbali na kitovu cha uzito mara tatu kuliko pua, gramu 10 za nyuma zadai gramu 30 za mbele. Kisha kazi ilale isiguswe mpaka ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Wala tusizidishe kigumishi tukidhani tunaharakisha. Kipimo kikiharibika, gundi hubaki laini.

Akina mama, hapa tunawaomba msimamo. Vumbi la nyuzi za kioo huwasha ngozi na hudhuru kifua. Kazi hii isifanywe jikoni wala chumba cha kulala. Ifanywe uani, kwa barakoa na glavu, watoto wadogo wakiwa mbali. Nguo zake zifuliwe peke yake.

Uzi wa kupimia wataka watu wawili. Mzazi ashike ncha moja, mwana ashike ya pili, wala pasiwe na haraka.