MALI TUSIYOIJUA HATUWEZI KUILINDA

Kila mtu wa Sumbawanga aijua milima ya Mbizi. Ameiona tangu utoto wake. Aijua kwa baridi yake, kwa mawingu yake ya asubuhi, na kwa vijito vishukavyo kuwanywesha watu wa mji na wa vijiji. Lakini tumwulize mtu huyo huyo: Ndani ya msitu ule kuna nini? Wengi wetu tutajibu, "Kuna miti na nyani." Jibu hilo latosha kuonyesha ugonjwa ambao gazeti hili lataka kuusema leo.

Ndani ya msitu wa Mbizi yuko mbega mwekundu. Si nyani, wala si ngedere. Chakula chake kikubwa ni majani ya miti, na tumbo lake limegawanyika vyumba vyumba kama la ng'ombe ili aweze kuyasaga majani hayo. Tazama mkono wake: dole gumba ni kama halipo. Mnyama huyu hayuko kila mahali duniani. Yuko katika misitu michache tu, kama vile Kibale nchini Uganda, Gombe na Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, na hapa kwetu Ufipa katika misitu ya Mbizi na Mbuzi. Wataalamu wa dunia wamemwandika katika orodha ya wanyama walio katika hatari ya kutoweka. Wageni husafiri maelfu ya maili kuja kumtazama. Twauliza: Ni wanachama wangapi wa Chama chetu, hapa hapa mjini, waliokwisha kupanda mlima siku moja wakamwona?

Hatuulizi ili kuwacheka wananchi. Ujinga huu una historia yake, na historia hiyo si yetu peke yetu. Tangu wakati wa Wajerumani, na baadaye Waingereza kwa sheria yao ya mwaka 1921, mambo ya wanyama wa pori yalikuwa mambo ya leseni, bunduki na mahakama. Mzungu aliyeua tembo kwa leseni aliitwa mwindaji. Mfipa aliyetega swala ale na watoto wake aliitwa mwizi. Mwananchi alimjua Bwana Nyama kwa jambo moja tu, yaani kukamatwa. Hakuna aliyemwita akamwambia, "Njoo, mzee, tukae tuelezane habari za wanyama hawa. Wewe waijua nchi hii kuliko mimi." Hivyo ndivyo watu walivyofundishwa kwamba mnyama ni wa Serikali, na kwamba kumjua ni kazi ya mtu mwingine.

Na kumbe wazee wetu walikuwa na elimu. Mfipa alipolima matuta yake ya intumba, akafukia majani ili yaoze yawe mbolea, alikuwa akijua nyasi za nyanda zake moja moja. Wafua chuma waliojenga tanuri ndefu za ilungu hawakuchoma mkaa wa mti wowote tu. Walichagua. Mama zetu hadi leo waingia katika miombo wakati wa mvua na kurudi na uyoga kikapuni, na hawachanganyi ule wa kuliwa na ule wa kuua. Hiyo ni elimu ya viumbe. Ila haikuandikwa, haikupewa cheti, na sasa yaenda kaburini pamoja na wenyewe.

Tutazame mifano miwili ya nchi yetu. Huko Rungwe, Wanyakyusa walikuwa wakimtaja mnyama mwenye haya aitwaye kipunji. Watafiti walipolisikia jina hilo wakaingia msituni kumtafuta, na mwaka 2003 wakamwona. Mwaka 2005 dunia nzima ikatangaziwa kwamba Tanzania ina aina mpya ya nyani, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake peke yake. Mpya kwa nani? Wawindaji wa Rungwe walikuwa na jina lake muda wote. Twawashukuru watafiti kwa kusikiliza. Lakini twajifunza jambo: Jina lililo kinywani mwa mzee wa kijiji laweza kuwa mlango wa elimu ya dunia, kama yuko mtu wa kuuliza.

Mfano wa pili ni Gombe. Jane Goodall alianza kazi yake huko mwaka 1960. Mwaka 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa wakawateka wanafunzi wanne, na wanafunzi wa kigeni wakaondoka. Je, kazi ilikufa? La. Watanzania, kama marehemu Hilali Matama na wenzake, waliendelea kuwafuata sokwe kila siku na kuandika waliyoyaona. Hawa hawakuwa maprofesa. Walikuwa watu wa vijijini waliofundishwa kutazama, kuhesabu na kuandika kwa uaminifu. Kilichofanywa na watu wa Kigoma chaweza kufanywa na watu wa Ufipa.

Wako ndugu wanaosema, "Wananchi wanalilia maji, mbolea na bei ya mahindi. Ninyi mnatuletea habari za mbega." Hoja hii ni nzito, nasi hatuidharau. Lakini tuipime.

Maji ya Sumbawanga yanategemea Mbizi. Msitu wa mlimani hupokea mvua ukaishika, kisha huiachilia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Kila mwaka moto wa nyasi hupanda mlima na kula pembeni mwa msitu, na kila ulapo, msitu hurudi nyuma. Mtu anayewasha moto ule hana nia ya kuukausha mji. Hajui tu kwamba mti wa pembeni ukifa, nyasi huchukua nafasi yake, na mwaka ujao moto utaingia ndani zaidi. Mtu huyo hahitaji hotuba. Ahitaji kupelekwa pale mpakani mwa msitu na nyasi, aoneshwe kwa macho.

Na mahindi je? Bonde la Rukwa, chini ya nyanda zetu, ni mojawapo ya makao makuu ya nzige wekundu katika Afrika. Nzige waliotoka katika makao kama hayo walitesa nchi nyingi za kusini ya ikweta tangu mwaka 1930 hadi 1944. Ndiyo maana mwaka 1949 likaundwa shirika la mataifa la kupambana nao, makao yake yakawa Abercorn, mji uitwao leo Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Wataalamu wake walizunguka mbuga za Rukwa wakijifunza maji, nyasi na nzige, wakaandika matokeo kwa Kiingereza. Elimu ile ilihusu nchi yetu na chakula chetu, lakini mtoto wa Ufipa hakufundishwa. Ni wangapi kati yetu wajuao kwamba nzige mwekundu huwa na kizazi kimoja tu kwa mwaka, naye hutaga mvua zinapoanza? Kwamba wakiwa wachache kila mmoja huishi peke yake, na tunutu wakisongamana hubadili rangi na tabia wakaandamana kama jeshi? Mwaka 2009 nzige walipoongezeka tena katika Katavi, Rukwa na Malagarasi, walipigwa kwa dawa ya kuvu inayoua nzige. Dawa ni nzuri. Lakini jicho la mchungaji aliye mbugani kila siku, likijua litazame nini, laweza kutoa habari kabla ya ndege ya dawa kuitwa.

Twaweza kuendelea. Kuna chikanda, viazi vya maua ya porini, vinavyochimbwa nyanda za juu za kusini na kuuzwa Zambia kwa chakula. Mchimbaji ang'oapo kiazi, mmea umekufa. Na mbegu yake ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, haioti bila kuvu fulani ya udongoni. Kwa hiyo haiwezi kupandwa kama maharage. Mtu akijua hilo, atajua kwa nini bonde lililochimbwa lote halirudi kuwa lilivyokuwa. Kuna nyoka kifutu, asiyekimbia bali hulala kimya njiani, na watu humkanyaga. Ni watoto wangapi wamefundishwa kwamba aliyeumwa atulizwe na kukimbizwa hospitali, wala asichanjwe kwa wembe? Kuna sokwe wa mto Lwazi, wilaya ya Nkasi, ambao makao yao ni ya kusini kabisa kuliko sokwe wote wa porini wanaojulikana duniani. Haya yote ni mambo ya Rukwa, si ya Ulaya.

Taifa letu halikukosa nia. Mwezi Septemba 1961, kabla hata ya bendera kupandishwa, Mwalimu Nyerere alitangaza mjini Arusha kwamba wanyama wa pori ni amana tuliyokabidhiwa, na kwamba kuwatunza kwahitaji watu wenye ujuzi. Mwaka 1963 Chuo cha Mweka kikafunguliwa, na mwaka 1966 kikaja cha Pasiansi, Mwanza. Mwaka 1980 zikaanza Klabu za Malihai mashuleni, kama wenzetu wa Kenya walivyoanzisha za kwao mwaka 1968. Jina hilo, Malihai, ni jina zuri kuliko mengi. Mnyama ni mali, na mali hiyo yu hai. Lakini vyuo ni vya watumishi, na klabu ni za wanafunzi. Mkulima wa miaka arobaini, mama mwuza uyoga, mchungaji wa bondeni, katibu wa tawi, hawa wana darasa gani?

Gazeti hili lapendekeza hivi.

Kwanza, kila tawi liweke siku moja ya masomo kwa mwezi. Watu wasizidi ishirini, maana kundi la watu mia halioni mnyama. Watoke alfajiri, wakatembee msituni, mtoni au mbugani, warudi adhuhuri. Kama mahali ni hifadhi, ruhusa iombwe mapema kwa wenye dhamana. Bunduki, mbwa na panga vibaki nyumbani.

Pili, viongozi wa matembezi wawe wawili, si mmoja. Mmoja awe mtaalamu, afisa misitu au afisa wanyamapori au mwalimu wa sayansi. Wa pili awe mzee au mama wa kijiji anayejua majina ya Kifipa na matumizi ya kila mti. Wote wawili waitwe walimu, na wote wawili wapewe posho sawa. Tukimlipa mwenye cheti na kumpa mzee ahsante tupu, tutakuwa tumerudi kule kule kwa mkoloni.

Tatu, kila mtu awe na daftari. Aandike tarehe, mahali, alichokiona, wangapi, jina la Kifipa na jina la Kiswahili. Asiyejua kuandika asimulie, mwenzake aandike. Baada ya mwaka mmoja tawi litajua wapi mbega wapo na wapi hawapo tena, moto ulifika wapi, kijito gani kilikauka mwezi gani. Daftari hizo zibaki tawini na shuleni. Mgeni akitaka kuzisoma, karibu. Kuzichukua akaondoka nazo, hapana.

Nne, kila mwaka baada ya mavuno yafanyike mafunzo ya siku tatu katika shule mojawapo, kwa vijana na watu wazima, wanawake kwa wanaume. Masomo yawe manne tu: msitu na maji, nzige na nyasi, wanyama wanaoharibu mazao na wasioharibu, na nyoka. Yafundishwe kwa Kiswahili safi. Mtaalamu asiyeweza kueleza kazi yake kwa Kiswahili, na ajifunze kwanza.

Na sasa twasema neno kwa viongozi wa Chama. Tumewasikia wengi jukwaani wakiwahimiza wananchi kutunza misitu. Wengine hawajaingia msituni hata siku moja. Mwananchi si mjinga; amjua anayesema alilolisikia na anayesema alilolijua. Katika siku ya kwanza ya masomo, mwenyekiti wa tawi awe mwanafunzi wa kwanza katika orodha. Asikae mbele akihutubia. Atembee nyuma ya mzee, aulize, aandike. Kiongozi akikubali kufundishwa na mkulima mbele ya watu, hapo watu wataamini kwamba mambo yamebadilika kweli.

Wako watakaosema tungoje bajeti. Bajeti ya nini? Mbizi iko pale. Wazee wako hai, ila si wote na si kwa muda mrefu. Daftari na kalamu vyapatikana dukani. Tawi lisingoje barua kutoka juu. Tawi litakalofanya siku yake ya kwanza na lituandikie ukurasa mmoja tu: lilikwenda wapi, liliongozwa na nani, liliona nini, lilikosa kuona nini. Tutauchapa katika gazeti hili, ili matawi mengine yasome na kuona haya ya kubaki nyuma.

Mkoloni alitunyima nchi, tukaidai tukaipata. Hakuna atakayekuja kutudai elimu ya nchi hiyo kwa niaba yetu. Tuifuate wenyewe, kwa miguu yetu, juu ya mlima.

Uhuru na Kazi!