Kasi Bila Shabaha ni Kelele

Ndugu waandishi wenzangu, leo nataka tugombane kidogo. Kila tukikutana kusomeana kazi zetu, sifa anapewa yule aliyeandika kurasa thelathini kwa usiku mmoja. "Jamaa ni moto!" mnasema, na makofi juu. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Niliwahi kumpelekea mhariri mmoja hadithi ya mkesha mmoja, akanirudishia na swali pembeni: "Unalenga wapi?" Nikanuna wiki nzima.

Aliyenifumbua macho hana habari na hadithi zetu. Ni Greg Maddux, mrushaji wa besiboli wa Marekani. Kwa wasioujua mchezo: mrushaji anarusha mpira, mpigaji anasubiri na gongo lake. Mipira minne ikipita nje ya eneo la kupigwa bila mpigaji kuizungushia gongo, anapewa njia ya bure. Ni zawadi ya mrushaji asiye na shabaha.

Maddux hakuwa jitu, wala mpira wake haukutisha kwa kasi. Alianza na Chicago Cubs mwaka 1986. Mwaka 1987 alipigwa vibaya: alishinda mechi 6, akapoteza 14. Mngekuwa ninyi mngesema hana kipaji, aende akauze mitumba. Mwaka uliofuata alishinda 18. Kuanzia 1992 hadi 1995 akatwaa Tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi yake, mara nne mfululizo. Mwaka 1997, akiwa na Atlanta Braves, alirusha ngwe 232 na kutoa njia za bure 20 tu. Alipostaafu mwaka 2008 alikuwa na ushindi 355, ngwe zaidi ya 5,000, na njia za bure 999. Hata elfu hazikufika!

Najua mtakalosema: "Huyo mwoga, anacheza salama." Thubutu! Mwoga ndiye anayerusha nje, asije akapigwa. Maddux alimpa mpigaji mpira wa kupigika, ila aliupitisha ukingoni kabisa, ukapinda dakika ya mwisho, mtu akaupiga vibaya mwenyewe. Alimsoma mpigaji kabla ya kurusha. Ndiyo maana wakamwita Profesa.

Mtaniletea Randy Johnson, yule mrefu wa kasi ya kutisha. Sawa, mleteni! Mwaka 1991 alitoa njia za bure 152. Kasi alikuwa nayo tele. Cy Young yake ya kwanza aliipata mwaka 1995, na mwaka huo njia za bure zilishuka hadi 65. Baadaye alizitwaa nyingine nne. Kwa hiyo hata jitu lilingoja shabaha ndipo likawa jitu kweli.

Sasa turudi kwetu. Kila sifa unayoirundika baada ya nomino, kila "ghafla bin vuu", kila msamiati mzito uliouchimbua ili tukuogope, ni mpira nje ya eneo. Unampa msomaji njia ya bure, naye anaitumia: anafunga kitabu, anaenda zake. Halafu tunalalamika eti vijana hawasomi!

Sisemi tuandike kwa woga. Nasema tujue sentensi inaenda wapi kabla haijatoka mkononi. Ile hadithi yangu ya mkesha nimeifungua upya. Kurasa thelathini zimebaki tisa, na moja kati ya hizo bado inanikosesha usingizi, maana hadi leo sijajua inalenga wapi. Nikilijua hilo, nitampelekea tena mhariri yule yule.

Nimemaliza. Anayebisha asinipigie kelele barazani. Ashike kalamu, alenge.