Mgeni njoo, mwenyeji apone: Funzo kutoka Kumamoto

Wahenga walituachia methali mbili juu ya mgeni, na mwalimu wa Kiswahili huzifunza zote mbili katika kipindi kimoja. Ya kwanza husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili hutuasa kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi mwerevu huinua mkono akauliza: Je, hizi si methali zinazopingana? La hasha! Ya kwanza yaeleza kwa nini mgeni hualikwa. Ya pili yaeleza masharti ya kukaa kwake. Taifa linalokariri ya kwanza na kuisahau ya pili huishia kumhudumia mgeni hadi akiba ya nyumba ikaisha.

Methali hizo zilinijia nilipokuwa nikiyatafakari mambo ya Kumamoto, mkoa ulio katika kisiwa cha Kyushu, kusini-magharibi mwa Japani. Mnamo tarehe 24 Februari, 2024, katika mji mdogo wa Kikuyo (msomaji asidhani ni Kikuyu yetu ya Kiambu), mji wenye wakazi takriban 43,000 na sifa ya kilimo cha karoti, kilifunguliwa kiwanda cha kampuni ya Taiwan iitwayo TSMC. Hiyo ndiyo kampuni kubwa kuliko zote duniani katika kazi ya kutengeneza chipu kwa niaba ya kampuni nyingine. Chipu, kwa asiyejua, ni vile vipande vidogo vya silikoni ambavyo bila ya hivyo simu haisemi, kompyuta haiwaki na gari la kisasa haliondoki. Ujenzi ulianza Aprili 2022. Mafundi walipokezana usiku na mchana, na kufikia Desemba 2024 kiwanda kilikuwa kimeanza kuzalisha kwa wingi.

Kisa hiki chafaa kuzingatiwa kwa makini, kwani kinapindua picha tuliyozoea. Tumezoea kumwona Mjapani akiwa mwekezaji katika nchi za watu. Hapa yeye ndiye mwenyeji aliyetandika mkeka, akamsubiri mgeni mlangoni.

Japani ilifikaje huko? Mwaka wa 1988 nchi hiyo ilikuwa na takriban nusu ya soko lote la chipu ulimwenguni. Kufikia 2019 fungu hilo lilikuwa limepungua hadi kama asilimia 10. Kisha ukaja uhaba wa chipu wa miaka ya 2020 hadi 2022, na viwanda vya magari vikasimama kwa kukosa kipande kidogo kuliko ukucha. Wakuu wa Tokyo walitambua kwamba taifa linaloagiza kila kitu kutoka mbali hulala na njaa siku njia inapozibwa.

Aidha, kwa miaka mingi Japani ilikuwa kama nyumba yenye mlango mzito. Iliwekeza kwingi lakini wageni waliowekeza kwake walikuwa wachache mno ikilinganishwa na ukubwa wa uchumi wake. Mnamo 2003 Waziri Mkuu Koizumi alitangaza azma ya kuongeza maradufu vitega uchumi vya kigeni katika muda wa miaka 5. Mnamo 2013 serikali ya Abe ikaweka shabaha ya yeni trilioni 35 kufikia 2020, na mnamo 2023 ikatangazwa shabaha ya yeni trilioni 100 kufikia 2030. Shabaha ni rahisi kutangaza. Swali lililobaki ni hili: mgeni atafuata nini huko mashambani?

Wengi hudhani kwamba mwekezaji hufuata hotuba, au msamaha wa kodi, au tabasamu la gavana. Kumamoto yatufunza vingine. TSMC ilipofika Kikuyo haikukuta kichaka. Kyushu ilikuwa imeanza kutengeneza chipu tangu mwisho wa miaka ya 1960, hata ikapewa lakabu ya Kisiwa cha Silikoni. Katika mji huohuo wa Kikuyo kulikuwa na kiwanda cha Sony kinachotengeneza vipokea-picha vya kamera, na katika mji jirani wa Koshi kuna kampuni ya Tokyo Electron inayounda mitambo ya kazi hiyo. Sony, Denso na Toyota wakawa wabia wa mgeni, na papo hapo wakawa miongoni mwa wanunuzi wake. Mkoa wenyewe, chini ya Gavana Kabashima Ikuo aliyeuongoza kuanzia 2008 hadi 2024, ulikuwa ukijikongoja kutoka katika tetemeko la ardhi la Aprili 2016, ambalo lilikifunga kwa muda hata kiwanda cha Sony. Mgeni aliyajua hayo, na bado akaja. Alikuja kwa sababu ya maji, mafundi na majirani wa kazi yake. Vitu hivyo havipatikani kwa mkutano wa siku tatu hotelini.

Hata hivyo, tusidanganyane: alikuja pia kwa sababu ya fedha. Serikali ya Japani iliahidi ruzuku ya hadi yeni bilioni 476 kwa kiwanda cha kwanza, zaidi ya dola bilioni 3 za wakati huo, yaani zaidi ya theluthi moja ya gharama. Kiwanda cha pili kilipotangazwa Februari 2024, ikaahidiwa hadi yeni bilioni 732 nyingine. Jumla ni takriban yeni trilioni 1.2 za mlipa kodi, na ajira zilizotarajiwa katika viwanda vyote viwili ni kama 3,400.

Mwalimu wa hisabati na aliandike hesabu hili ubaoni. Gawa trilioni 1.2 kwa 3,400, utapata takriban yeni milioni 350 kwa kila kazi moja. Mhandisi mwenye shahada ya kwanza alitangaziwa mshahara wa kuanzia wa yeni 280,000 kwa mwezi. Kwa hivyo ruzuku ya kazi moja ingetosha kumlipa mtu huyo mshahara huo kwa zaidi ya miaka 100! Ni dhahiri, basi, kwamba Japani haikununua ajira. Ilinunua uhakika wa kuwa na chipu nyumbani siku ya dhiki. Huenda biashara hiyo ni ya busara kwa taifa tajiri lenye viwanda vya magari vya kulindwa. Lakini nchi maskini ikiiga kitendo hicho kwa kisingizio cha kuwatafutia vijana kazi, itakuwa imeuza ng'ombe ili inunue kamba.

Na mwenyeji, je, alipona? Jibu hutegemea unamwuliza nani. Aliyekuwa na kiwanja mjini alipona sana. Katika takwimu rasmi za bei za ardhi za mwaka 2024, viwanja vya biashara vya Kikuyo na mji jirani wa Otsu vilipanda kwa zaidi ya asilimia 30 katika mwaka mmoja. Kijana mwenye shahada alipona, kwani mshahara wa kiwandani ulipita kwa mbali ule uliozoeleka mkoani. Lakini mwenye duka au karakana ndogo, asiyeweza kulipa hivyo, aliona wafanyakazi wakimponyoka. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aliyekuwa akikodi shamba la kupandia malisho aliona mwenye shamba akiliuza. Barabara nazo zilijaa magari asubuhi na jioni, hata Juni 2025 mkuu wa TSMC, C. C. Wei, akawaambia wanahisa kwamba kazi ya kiwanda cha pili ilikuwa imechelewa kidogo kwa sababu ya msongamano huo. Matrilioni ya yeni yakangojea njia ipanuliwe!

Jambo zito kuliko yote, hata hivyo, halionekani barabarani. Liko chini ya ardhi.

Jiji la Kumamoto lina watu zaidi ya 700,000, na takriban maji yote wanayokunywa hutoka ardhini. Ni hazina ya mlima Aso, ambao majivu na mawe yake ya kale huyachuja maji ya mvua kama kitambaa safi. Lakini hazina hiyo haikujazwa na maumbile peke yake. Mwishoni mwa karne ya 16, mtawala Kato Kiyomasa alianza kazi za kuyaelekeza maji ya mto Shirakawa mashambani. Udongo wa majaruba ya huko una tabia ya kuvuja, hivyo kila msimu wa mpunga maji mengi yalizama chini na kuwa akiba ya jiji. Mkulima alipolima mpunga wake alikuwa, bila ya kujua, akijaza mtungi wa jirani.

Mpunga ulipopunguzwa na miji ikatanuka, mtungi ukaanza kupungua. Kuanzia 2004 jiji likaanza kuwalipa wakulima wayafurishe mashamba yao maji nje ya msimu wa mpunga, ili yazame ardhini. Sony yenyewe ilikuwa imeshashiriki mpango wa namna hiyo. Mnamo 2013 Umoja wa Mataifa ukaitunuku kazi hiyo.

Sasa mtazame mgeni. Chipu huoshwa kwa maji safi mara nyingi ajabu kabla ya kukamilika. Kiwanda cha kwanza kilikadiriwa kuchota takriban tani milioni 3.1 za maji ya ardhini kwa mwaka. Laiti mwenyeji angalikuwa wa kutabasamu tu, mambo yangaliishia hapo. Lakini mkoa uliwataka wachotaji wakubwa warudishe ardhini kiasi sawa na wanachochota, na kampuni ikakubali kugharimia ufurishaji wa mashamba. Hilo ndilo jembe la siku ya tatu! Lakini hapa pana fumbo. Ili maji yarudi ardhini ni lazima mashamba yawepo, ilhali kiwanda kimoja huvuta vingine, na nyumba, na maegesho, na vyote hivyo hujengwa juu ya mashamba yaleyale. Ahadi imeandikwa, udongo wa kuitimizia ndio unaofunikwa saruji. Watu wa Kumamoto wenye wasiwasi hawaupingi ugeni. Wanauliza tu nani atasimamia kipimo cha kisima miaka 30 ijayo.

Wana haki ya kuuliza. Kusini mwa mkoa huohuo kuna mji uitwao Minamata. Mnamo 1908 mji huo ulifurahia kupata kiwanda kilichokuja kuitwa Chisso. Kiwanda kikatoa kazi na kulipa kodi, mji ukakitegemea kama mtoto anavyomtegemea mama. Kuanzia 1932 kikawa kikimwaga zebaki katika ghuba. Samaki wakala, paka wakala samaki wakapatwa na kifafa, watu nao wakafuata. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mnamo 1959 daktari wa kampuni yenyewe, Hosokawa Hajime, alimpa paka maji machafu ya kiwanda akaona dalili zilezile, lakini matokeo yakafichwa. Serikali haikukiri chanzo hadi 1968, na waliothibitishwa rasmi kuwa wagonjwa walipita 2,200. Chisso haikuwa kampuni ya kigeni. Ilikuwa ya Wajapani wenyewe. Kwa hivyo hatari haimo katika pasipoti ya mwekezaji, bali katika ukimya wa mwenyeji anayeogopa kumwuliza maswali kwa kuwa amemlisha.

Kisa hicho hakiko mbali nasi. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, unaoitwa Mkataba wa Minamata, uliotiwa saini huko Kumamoto Oktoba 2013, ulijadiliwa chini ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Gigiri, Nairobi.

Nimalizie na jambo linalowahusu hasa walimu na wanafunzi. Katika mwezi wa Aprili 2024, wiki chache baada ya sherehe za Kikuyo, Chuo Kikuu cha Kumamoto kilianzisha kitengo kipya cha elimu ya data na mafunzo maalumu ya uhandisi wa chipu. Lakini msingi ulikuwa wa zamani zaidi. Tangu 1962 Japani ina vyuo viitwavyo kosen, vinavyowapokea vijana wa miaka 15 na kuwafunza uhandisi kwa miaka 5 mfululizo, na kimojawapo kiko Kumamoto. Mwalimu aliyemshikisha kijana bisibisi miaka 20 iliyopita ndiye aliyemwalika mgeni, ingawa jina lake halikutajwa siku ya kukata utepe.

Basi siku tutakapoambiwa kwamba mwekezaji mkubwa anakuja katika kaunti fulani, tusikimbilie kupiga vigelegele wala kupiga kelele za kupinga. Tuulize maswali manne. Mgeni amefuata nini hapa ambacho hakipati kwao? Tunamlipa kiasi gani kwa kila kazi anayoleta? Atarudisha nini katika kile anachochota, na nani atapima? Na watoto wetu watatoka kiwandani humo wakiwa wameshika ufagio au wameshika ufundi?

Mwenyeji anayeyajibu maswali hayo kabla ya mgeni kubisha hodi ndiye atakayepona. Yule anayengoja kuyajibu baada ya karamu atajikuta akiomba maji katika kisima alichochimba babu yake.