Wimbo Ulipigwa Marufuku, Darasa Likabaki Vilevile

Mwaka 1979 bendi ya roki ya Uingereza, Pink Floyd, ilitoa wimbo “Another Brick in the Wall, Part 2”. Roger Waters aliutunga kuwashutumu walimu wanaodumaza fikra za watoto. Kiitikio kikaimbwa na wanafunzi wa shule ya Islington Green, London. Ulishika namba moja Uingereza na Marekani.

Mwaka 1980 wanafunzi wa Afrika Kusini waliogomea elimu ya kibaguzi waliufanya wimbo wao. Serikali ya makaburu ikaupiga marufuku. Nauliza: je, ni wimbo uliowanyima vitabu na walimu? Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Hata hivyo, msanii naye ana deni. Shule ile ililipwa pauni 1,000, lakini waimbaji wenyewe hawakupata mrabaha. Mwaka 2004 baadhi yao, wakiwa watu wazima, walianza kuudai. Ndugu zangu watumishi wa umma na wanaharakati, kabla ya kuinyamazisha sauti ya kijana, au kuipazia kwa faida yetu, tumsikilize kwanza, kisha tumpe haki yake.