TALAKA SI KUFUKUZWA



Yako mambo mawili ambayo watu wetu wengi huyachanganya, nayo ni kuachana na kufukuzwa. Bwana akikasirika huandika kikaratasi, au hutamka tu mbele ya majirani, "Nimekuacha, nenda kwenu." Mke hufungasha virago, humbeba mtoto mgongoni, akashika njia. Kesho yake kijiji kizima husema kwamba wale wameachana. Nyumba imebaki, shamba limebaki, ng'ombe wamebaki, na mtu aliyelipalilia shamba lile miaka 15 hana hata jembe. Sisi twasema hiyo si talaka. Hiyo ni kufukuzwa, na sheria ya nchi yetu haikumpa mtu yeyote ruhusa ya kumfukuza mwenzake namna hiyo.

Hatuandiki haya ili kuwashawishi watu wavunje nyumba zao. Ndoa njema ni nguzo ya taifa, na wazee wanaopatanisha watu wanafanya kazi ya heshima. Lakini ziko ndoa zilizokwisha kufa, na mtu aliyefikwa na jambo hilo asipojua haki yake atanyang'anywa mchana kweupe, naye atadhani ndivyo Mungu alivyotaka.

Yafaa tukumbuke kwanza tulikotoka. Wakati wa ukoloni watu walitengwa hata katika ndoa zao. Wakristo walikuwa na sheria yao, Waislamu yao, Wahindu yao, na kila kabila na mila yake. Wanawake wawili waliochota maji kisima kimoja waliweza kuwa na haki mbalimbali kabisa. Baada ya Uhuru, mwaka 1969, Serikali ilitoa Waraka Na. 1 wenye mapendekezo ya sheria moja ya ndoa. Wananchi wakaujadili, na wengine waliupinga kwa hasira. Mwaka 1971 Bunge likapitisha Sheria ya Ndoa, Na. 5 ya mwaka ule, na ndiyo inayotumika Tanzania Bara hata sasa. Zanzibar ina utaratibu wake na mahakama zake za kadhi. Sheria hii ilisema waziwazi kwamba mwanamke aliyeolewa ana haki ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza kama mumewe. Ikasema pia kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Haki hizo si fadhila ya bwana, ni sheria ya nchi.

Sasa tutazame hatua kwa hatua.

Kwanza, nani avunjaye ndoa? Kwa sheria hii, wote wawili wakiwa hai, ndoa iliyo halali huvunjwa nchini kwa amri ya mahakama. Si kwa kikaratasi, si kwa kurudisha mahari, wala si kwa ukoo kukaa kikao. Hatudharau dini ya mtu. Kwa walioana Kiislamu sheria imeweka njia yao: wapite kwanza katika Baraza, na Baraza likishindwa kuwapatanisha, na mmoja wao akafanya tendo livunjalo ndoa kwa sheria ya Kiislamu, mahakama itatoa amri ya talaka. Lakini huko mahakamani ni lazima kufika. Mama aliyetupiwa kikaratasi asiondoke akidhani mambo yamekwisha. Mbele ya sheria hayajaanza.

Pili, Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Kabla ya kufungua shauri la talaka, mgogoro hupelekwa mbele ya Baraza. Sheria yataka yawepo mabaraza haya katika kata, na jumuiya za dini pia zina mabaraza yaliyokubaliwa. Baraza huwaita wote wawili, huwasikiliza, hujaribu kuwapatanisha. Likishindwa hutoa hati ya kusema limeshindwa. Ndugu, hati hiyo ni ufunguo wa mlango wa mahakama. Ishikeni vizuri, na mjue kwamba isizidi miezi sita tangu itolewe hadi siku ya kufungua shauri. Mahakama za juu zimekwisha kufuta mashauri yaliyosikilizwa hadi mwisho, kwa kuwa hati haikuwapo au ilikuwa na kasoro. Watu wakarudi kuanza upya, nauli imekwenda na machozi yamekwenda.

Zipo hali ambazo mtu haambiwi aende Barazani kwanza. Kwa mfano, mwenzake amemtelekeza na hajulikani aliko, au ameitwa na Baraza akakataa kwa makusudi kufika, au amefungwa gerezani kifungo cha miaka mitano au zaidi. Jambo jingine la kujua ni kwamba Baraza si mahakama. Kazi yake ni kupatanisha. Baraza haliwezi kutoa talaka, wala kugawa nyumba na mashamba. Mjumbe wa Baraza akikuambia, "Wewe chukua sufuria, bwana achukue nyumba, yaishe," mjibu kwa adabu kwamba unaomba hati yako uende kwa hakimu.

Tatu, sababu. Mahakama huvunja ndoa inaporidhika kwamba imevunjika kiasi cha kutotengenezeka. Miongoni mwa mambo yanayotazamwa ni uzinzi, ukatili wa mwili au wa moyo, kutomjali mwenzako kwa makusudi, na kumtelekeza kwa muda usiopungua miaka mitatu. Tazameni neno hilo, ukatili wa moyo. Mtu anayetukanwa kila siku mbele ya wanawe si lazima angoje mpaka avunjwe mkono. Ila ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili haipelekewi shauri la talaka bila kibali cha mahakama, na kibali hutolewa kwa mwenye mateso yaliyopita kiasi. Tena mlango wa kwanza si lazima uwe wa mji mkubwa. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mashauri haya, na lugha yake ni Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria ya kuifanya lugha yetu kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Basi mtu asiogope kusema.

Nne, mali. Hapa ndipo wengi huumizwa. Sheria inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali waliyoichuma wawili kwa juhudi zao za pamoja. Hakimu hutazama kila mmoja alichangia nini, iwe fedha, mali au kazi. Hutazama pia madeni waliyoyachukua kwa faida yao wote, mahitaji ya watoto wadogo, na desturi za jamii yao.

Miaka mingi akina baba walisema, "Mke wangu hakuchangia, alikuwa akikaa nyumbani." Akikaa? Nani aliyepika, nani aliyechota maji, nani aliyeuguza watoto ili bwana aende kazini na moyo uliotulia? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, mbele ya Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake, iliamua kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Mama wa shauri lile mwenyewe hakuambulia fungu, kwa sababu ya mambo ya shauri lake, lakini kanuni aliyoisababisha imewafaa maelfu waliomfuata.

Hata hivyo tusidanganyane. Sheria haikusema nusu kwa nusu. Mgawo hufuata mchango, na mchango huthibitishwa. Nyumba iliyoandikwa jina la mume peke yake huchukuliwa kuwa yake mpaka ionyeshwe vinginevyo. Iliyoandikwa majina mawili huchukuliwa kuwa ya wote kwa sawa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi wekeni risiti za mabati na saruji, wekeni hati ya mauziano ya kiwanja, wakumbukeni mashahidi walioona mkifyatua matofali pamoja. Tena mume au mke hana ruhusa ya kuuza, kugawa au kuweka rehani nyumba wanamoishi pasipo ridhaa ya mwenzake. Mnunuzi akija kupima ua bila wewe kuambiwa, usilie jikoni. Nenda ukapinge mapema.

Tano, watoto na matunzo. Mtoto si ng'ombe wa mahari, kwamba hufuata zizi la aliyelipa. Mahakama hutazama kwanza ustawi wa mtoto mwenyewe. Mtoto wa chini ya miaka saba hudhaniwa kuwa afadhali akae na mamaye, isipokuwa ikithibitika vinginevyo, na mtoto aliyekwisha kupata akili ya kusema anachotaka husikilizwa. Akikaa kwa mama, baba bado ana wajibu wa kumlisha, kumvika na kumsomesha. Mke naye aweza kuomba posho, ila kwa walioana Kiislamu kwa kawaida haivuki muda wa eda isipokuwa kwa sababu ya pekee.

Na wale walioishi pamoja bila kufunga ndoa? Wakiwa wamekaa miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kama mume na mke, sheria huwadhania kuwa ni wanandoa mpaka ithibitike sivyo. Huyo naye asifukuzwe kama mpangaji.

Kuna watu wasemao kwamba kuwafundisha wanawake mambo haya ni kuwatia kiburi. Twawajibu hivi. Sheria hii haikutungwa kwa mwanamke peke yake. Mume aliyetelekezwa, mume anayenyimwa kuwaona wanawe, mume ambaye mke ameuza shamba lao kwa siri, wote wanalindwa na sheria ileile. Anayeogopa sheria ijulikane ni yule anayekula jasho la mwenzake. Tulipomkataa mkoloni tulisema mtu asinyonywe na mtu. Hatukuongeza kwamba ndani ya nyumba ruksa.

Kwa hiyo twayaomba matawi yote mambo matatu. Kila tawi litenge siku moja ya kusoma Sheria ya Ndoa pamoja, wanaume na wanawake wakikaa chumba kimoja. Kila katibu ajue Baraza la kata yake linakaa wapi na siku gani, asije akamzungusha mtu mwenye taabu. Na kila mwanachama amwonyeshe jirani asiye na fedha za wakili kwamba iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na kwamba wapo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, ambao hutoa msaada bila malipo kwa wasiojiweza.

Hukumu ikitoka na mtu hakuridhika, asiende nyumbani kunung'unika. Sheria imempa siku 45 za kukata rufaa. Siku hizo hazimngoji mtu, wala hazijali kwamba alikuwa na haya.

Ndugu zetu, haya ndiyo silaha kubwa ya mdhulumu. Mama huona aibu kusema, baba huona aibu kushitaki, na mwenye nguvu hujichukulia. Akija kwako mtu mwenye virago mlangoni, mpe maji anywe, kisha mwulize: je, umekwenda Barazani?